Oda maelfu, fedha hakuna: kilichoiyumbisha Boeing, na kama mtoto asome ufundi wa ndege

*“Mwanangu wa kiume amemaliza kidato cha sita, mchepuo wa PCM, na moyo wake wote uko kwenye ufundi wa ndege. Baba yake hataki kusikia. Yeye alifanya kazi shamba la mkonge huku Muheza, akaona bei ilivyoporomoka na watu wakarudishwa nyumbani. Anasema ikiwa hata Boeing ilifilisika wakati wa korona, huyu wetu atapona wapi? Mimi nisichoelewa ni hiki: nilisoma kwamba Boeing ilikuwa na oda za ndege maelfu. Mwenye oda maelfu anakosaje fedha? Na zile ndege zilizolazwa jangwani miezi na miezi, ndizo tunazopanda leo? Tuna kiwanja Pongwe tunafikiria kukiuza kwa ajili ya ada. Nishauri kabla sijakitoa. Niko Tanga.”*

Mama, kiwanja kikae kwanza. Nitakifikia mwishoni, maana jibu lake linategemea jambo ambalo baba yake kijana amelichanganya, na si yeye peke yake: kuunda ndege na kuhudumia ndege ni kazi mbili, zinalipwa kwa njia mbili, na dhoruba ya mwaka 2020 haikuzipiga sawasawa.

Boeing, kampuni ya Marekani inayounda ndege, haikufilisika. Iliyumba vibaya, hilo ni kweli. Mwaka 2020 ilipata hasara ya karibu dola bilioni 12, na madeni yake yakapanda kutoka dola bilioni 27 hivi mwishoni mwa 2019 hadi karibu bilioni 64 mwaka mmoja baadaye. Kufikia Machi 2020 ilikuwa imechota wote mkopo wa dola bilioni 13.8 iliokuwa imeuandaa benki. Tarehe 30 Aprili ikauza hatifungani, yaani hati za kukopa kwa wawekezaji, za dola bilioni 25, kisha ikatangaza kwamba haitahitaji msaada wa serikali ya Marekani. Kampuni inayoweza kukopeshwa kiasi hicho katikati ya janga haijafilisika. Ila imenunua muda kwa bei kali, na riba yake hulipwa miaka mingi.

Sasa lile swali lako zuri la oda. Mwishoni mwa 2019 Boeing ilikuwa na oda za ndege zaidi ya 5,000 ambazo haijazikabidhi. Wengi wakisikia hivyo hudhani fedha ziko benki. Haziko.

Mchukue fundi wa majahazi. Mteja anakuja, mnapatana, anatoa arbuni. Mkuku ukilazwa na mataruma yakisimama anaongeza kidogo, lakini fungu kubwa analitoa siku chombo kinaposhuliwa. Muda wote huo fundi ameshanunua mbao na misumari na kulipa vijana wake kila wiki. Siku ya kushua mteja asipotokea, fundi amebaki na chombo kizuri ufukweni na deni la mbao. Arbuni ilishaliwa zamani.

Ndege kubwa huuzwa kwa utaratibu wa namna hiyo. Shirika likisaini mkataba hutoa kiasi kidogo, kisha hulipa mafungu katika miaka miwili hivi kabla ya makabidhiano, na zaidi ya nusu ya bei hulipwa siku ya kuichukua. Mara nyingi hata fungu hilo la mwisho si la shirika lenyewe. Ni la benki, au la kampuni ya kukodisha ndege inayoinunua na kulikodishia shirika. Kwa hiyo kwenye kiwanda cha ndege namba ya kuitazama ni ya ndege zilizokabidhiwa. Boeing ilikabidhi ndege 806 mwaka 2018, 380 mwaka 2019, na 157 tu mwaka 2020.

Tazama tena namba hizo. Anguko la kwanza, kutoka 806 hadi 380, lilitokea kabla korona haijasikika. Hapo ndipo simulizi ya “korona iliiangusha Boeing” inapopotoka. Ndege ya 737 MAX, toleo jipya la 737 ya Boeing, ya shirika la Lion Air ilianguka Indonesia tarehe 29 Oktoba 2018 ikaua watu 189. Nyingine ya Ethiopian Airlines ikaanguka karibu na Addis Ababa tarehe 10 Machi 2019 ikaua 157. Katika ajali zote mbili programu iliyokuwa ikisukuma pua ya ndege chini ilitegemea kipimo kimoja tu cha pembe ya bawa dhidi ya upepo. Kipimo kilipotoa taarifa ya uongo, programu iliitii, marubani wakawa wanapigana nayo. MAX zikazuiwa kuruka dunia nzima, na Marekani ikaziruhusu tena Novemba 2020, miezi 20 baadaye.

Katika miezi hiyo Boeing iliendelea kuunda MAX 42 kwa mwezi hadi mwisho wa 2019, bila kuruhusiwa kukabidhi hata moja. Zilirundikana hadi kufika kama 400. Nyingine ziliegeshwa kwenye maegesho ya magari ya wafanyakazi kule Seattle. Kila moja ilikuwa mamilioni ya dola yaliyokwisha kutumika na yasiyoweza kurudi. Mwezi Januari 2020 kiwanda kikasimamisha kazi ya MAX. Miezi miwili baadaye abiria wakatoweka.

Kwa nini basi haikusimama mapema, Machi 2019? Kwa sababu kiwanda cha ndege hakina breki za ghafla. Ndege moja ya 787, ile kubwa ya masafa marefu, ina vipande kama milioni 2.3, na vingi huagizwa mwaka mmoja au zaidi kabla. Kiwiliwili cha 737 hakiundwi Renton, karibu na Seattle, ambako ndege yenyewe huunganishwa. Kilikuwa kikiundwa na kampuni ya Spirit AeroSystems mjini Wichita, kisha kinasafirishwa kwa treni. Nyuma ya Spirit kuna karakana ndogondogo zinazochonga mabano na kusubiri malipo ya mwezi. Ukikata oda ghafla, hizo ndogo hufa kwanza, na siku ukitaka kuanza tena utakuta mwenye mashine ameiuza na fundi wake amehamia kazi nyingine. Mwezi huohuo wa Januari 2020, Boeing iliposimamisha MAX, Spirit ilitangaza kupunguza wafanyakazi 2,800. Kwa hiyo kuendelea kuunda ndege zisizo na mnunuzi wa leo hakukuwa wazimu. Ilikuwa gharama ya kuulinda mnyororo usikatike. Kosa kubwa, kwa maoni yangu, lilifanyika miaka ya nyuma ya neema, ambapo Boeing ilitumia zaidi ya dola bilioni 40 kununua hisa zake yenyewe badala ya kuweka akiba ya siku kama hizi.

Korona ilipofika ilikuta mgonjwa tayari. Abiria wa ndege duniani walikuwa kama bilioni 4.5 mwaka 2019, na mwaka uliofuata wakawa bilioni 1.8. Shirika lisilo na abiria halitaki ndege mpya, linataka kuahirisha. Hapa mkataba ndio unaoamua. Kwa kawaida mteja hawezi kujitoa bila kupoteza alicholipa, ila mikataba mingi humruhusu iwapo kiwanda kimechelewa zaidi ya miezi 12. MAX zilikuwa zimechelewa zaidi ya hapo. Wateja wa Boeing wakapata mlango halali wa kutokea, na oda mamia zikafutwa. Airbus, mshindani wake wa Ulaya, haikuwa na tatizo hilo. Wateja wake walibanwa na mikataba, wakakaa mezani kupanga upya tarehe. Airbus ikapunguza uundaji wa ndege zake za jamii ya A320 kutoka ndege 60 kwa mwezi hadi 40, ikatangaza kupunguza nafasi 15,000 za kazi, lakini ikakabidhi ndege 566 mwaka huo, na hasara yake ikawa kama yuro bilioni 1.1. Mipaka ilipofungwa ilibuni hata njia ya kukabidhi ndege bila mteja kusafiri kwenda kuikagua mwenyewe. Janga lilikuwa lilelile kwa wote wawili. Mmoja aliliingia akiwa na afya, mwingine akiwa na jeraha wazi.

Ndege kubwa za masafa marefu ziliumia zaidi, maana safari za ndani ya nchi zilirudi mapema na za kuvuka bahari zikachelewa. Ndiyo maana Boeing iliamua Julai 2020 kuifikisha 747 mwisho, na 777X, ndege yake mpya kubwa iliyotarajiwa awali mwaka huo, ikasogezwa, na kusogezwa tena.

Watengenezaji wa injini nao wana hadithi yao, nayo inakuhusu kuliko unavyodhani, maana ndege za 787 za Air Tanzania zina injini za Rolls-Royce. Kampuni hiyo huuza injini kwa faida ndogo au hata hasara, kisha hupata chake kwa kulipwa kila saa injini inapokuwa angani, nayo ikibeba jukumu la matengenezo makubwa. Ndege zikilala, saa hazihesabiki na fedha haziji. Mwaka 2020 ilitangaza kupunguza nafasi za kazi zipatazo 9,000.

Kuna hasara nyingine isiyoonekana kwenye hesabu za mwaka, na baba yake kijana, aliyekaa shambani, nadhani ataielewa upesi. Ni hasara ya mikono iliyozoea. Tangu mwaka 1936 mhandisi T. P. Wright alionyesha kwamba kila idadi ya ndege za aina moja inapoongezeka maradufu, kazi ya kuunda moja hupungua kwa takriban asilimia 20, kwa sababu watu wamejifunza. Ukiwarudisha nyumbani, elimu hiyo inaondoka nao. Boeing ilipanga kushuka kutoka wafanyakazi 160,000 hadi kama 130,000, na wengi walioondoka walikuwa wazee wa kazi waliochukua kiinua mgongo. Uundaji ulipopanda tena waliojaza nafasi walikuwa wageni. Januari 2024 kipande cha ubavuni kilichoziba nafasi ya mlango kwenye 737 MAX 9 ya Alaska Airlines kilichomoka angani. Wachunguzi walikuta bolti nne za kukishikilia hazikurudishwa baada ya kipande hicho kufunguliwa kiwandani kwa ajili ya kurekebisha ribiti, na hakukuwa na kumbukumbu ya kazi hiyo. Lawama waliielekeza kwenye mafunzo, maelekezo na usimamizi hafifu wa Boeing. Siwezi kusema janga ndilo lililoacha bolti hizo. Nasema karakana iliyopoteza wazoefu wake ndiyo mahali ambapo bolti husahaulika bila mtu kushtuka.

Twende jangwani, kwa sababu humo ndimo limo jibu la kijana wako.

Ndege haiachwi tu kama gari lililopandishwa juu ya mawe. Zilipelekwa Victorville huko California, Teruel huko Hispania, Alice Springs huko Australia, mahali pakavu, kwa sababu unyevu ndio adui. Hewa hii ya Tanga inayokula mabati ya nyumba za Raskazone ingeanza kuila alumini ya ndege bila kuchelewa. Kabla ya kulazwa, midomo ya injini huzibwa mbele na nyuma, na mirija midogo ya kupimia mwendo hufunikwa kwa vifuniko vyenye utepe mwekundu. Mifuko ya kemikali ya kufyonza unyevu huwekwa ndani. Maji yote ya chooni na jikoni hutolewa. Betri hukatwa. Sehemu za chuma kinachong’aa kwenye miguu ya magurudumu hupakwa grisi. Mafuta hayakaushwi kabisa: huachwa kiasi ili ndege iwe na uzito wa kuhimili upepo na mipira ya kuzuia uvujaji isikauke, na hutiwa dawa kwa sababu wako vijidudu wanaoota ndani ya tangi na kuziba vichujio.

Halafu kazi haiishi. Kwa ratiba, magurudumu husogezwa ili matairi yasipate ubapa, mabawa madogo ya kuongozea huchezeshwa, na kwa ndege zilizo kwenye usingizi mfupi injini huwashwa. Kila hatua huandikwa na kusainiwa na mwenye leseni. Ikisahaulika, matokeo huonekana. Julai 2020 mamlaka ya anga ya Marekani ilitoa agizo la dharura kwa 737 za matoleo ya zamani zilizokuwa zimelala siku saba au zaidi, kama 2,000 nchini humo: valvu moja ya hewa ya injini ilikuwa ikipata kutu na kukwama, na taarifa nne zilikuwa zimefika za injini moja kuzimika. Huko Ulaya walionya juu ya ndege zinazoamka zikitoa vipimo vya mwendo visivyoaminika, kwa sababu ya uchafu na wadudu ndani ya mirija ile. Nyigu mmoja akijenga humo, rubani anadanganywa kasi yake.

Kwa hiyo ndiyo, baadhi ya ndege unazopanda leo ziliwahi kulala. Usalama wake hautokani na umri wa usingizi bali na ukaguzi wa kuamshwa: vifuniko vyote vihesabiwe vimetoka, mirija ipulizwe na kupimwa, mafuta yachunguzwe, injini ichunguzwe ndani kwa kamera ndogo pale kitabu kinapotaka, kila mfumo ujaribiwe. Ni kazi ya siku nyingi kwa mafundi kadhaa. Ndege iliyopita hapo ni ndege kama nyingine.

Umeshaona ninapoelekea. Ndege ikisimama, aliyeiunda hana la kufanya. Anayeihudumia bado ana kazi, kwa sababu ndege iliyosimama inaharibika. Hapa Tanzania hatuundi ndege za abiria, kwa hiyo kijana akisoma ufundi huu ataingia upande wa huduma. Simwambii baba yake kwamba upande huo ni salama kabisa. Mwaka 2020 mashirika mengi yalikata mishahara ya mafundi, mengine yakawaachisha, na waliokuwa bado mafunzoni ndio waliosukumwa nje mwanzo. Lakini leseni haikufutika, na safari ziliporudi mafundi wakawa haba. Kuna pia ukomo wa soko letu wa kuukubali: waajiri ni wachache, na karakana nyingi ziko Dar es Salaam na Arusha. Uwanja wa Tanga wenyewe unapokea ndege ndogo. Akitaka kazi hii, akubali kuhama.

Njia yenyewe iko hivi. Chuo cha Taifa cha Usafirishaji, NIT, pale Mabibo, Dar es Salaam, kinafundisha uhandisi wa matengenezo ya ndege. Cheti cha chuo, hata kiwe kizuri namna gani, hakimpi mtu haki ya kusaini ndege iruke. Haki hiyo hutoka kwenye leseni ya Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania, TCAA, ambayo hupatikana kwa mitihani pamoja na kipindi cha kazi ya vitendo kilichoandikwa kazi kwa kazi kwenye daftari maalumu na kusainiwa na fundi mwenye leseni. Juu ya hapo kuna idhini ya aina ya ndege: anayesaini Dash 8, ndege ndogo ya pangaboi, hasaini 787 mpaka aisomee. Hapa ndipo familia nyingi hukwama. Hulipa ada ya chuo, mtoto anahitimu, kisha anakaa nyumbani kwa sababu hakuna karakana iliyompokea kwa vitendo, na daftari lake ni jeupe.

Basi kabla ya kugusa kiwanja, pandeni basi wewe, kijana, na baba yake mkikubaliana, mwende Dar es Salaam siku mbili. Jambo hili lisiamuliwe kwa simu wala kwa kunisoma mimi. NIT ulizeni kozi anayoitaka ina idhini ya TCAA kwa mwaka huu, na mwombe kuiona barua. Ulizeni mafunzo ya vitendo yanafanyika karakana gani, kwa miezi mingapi, na nani anayemtafutia mwanafunzi nafasi, chuo au mzazi. Ulizeni wahitimu wa miaka mitatu iliyopita wangapi wameshapata leseni. Wakisita kwenye hilo la mwisho, mmepata jibu. TCAA waulizeni masharti ya leseni yalivyo sasa, na kama kuna kipimo cha macho. Kijana akapimwe uoni wa rangi mapema, hospitali ya Bombo hapo Tanga inatosha, kwa sababu nyaya za ndege husomwa pia kwa rangi. Kiingereza chake nacho kiangaliwe kwa ukweli. Vitabu vyote vya matengenezo viko kwa lugha hiyo, na sentensi moja ikieleweka vibaya ni ajali.

Kuhusu fedha, anzeni na Bodi ya Mikopo kujua kama kozi na ngazi yake vinakopesheka, kabla hamjamwita dalali. Ada ya mwaka wa kwanza ikipatikana bila kiwanja, acheni kiwanja kisubiri kipindi cha leseni na kozi ya aina ya ndege, maana huko ndiko gharama hupanda na mikopo ya wanafunzi haifiki. Na mkiona tangazo la chuo kisicho kwenye orodha ya TCAA kinachoahidi ajira Ulaya baada ya miezi sita, msitume hata nauli. Ada halali ya chuo cha serikali hulipwa kwa kumbukumbu namba inayotolewa na mfumo wa chuo chenyewe, kamwe si kwenye simu ya mtu.